Hita ya Mama Mkwe

Daktari alituambia neno dogo tu: mama asiogee kwenye baridi. Alikuwa ametoka kulazwa kwa nimonia, kifua bado kilikuwa kinapiga mluzi akitembea haraka, na mvua ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza. Daktari alisema hivyo huku macho yake yameshahamia kwa mgonjwa aliyefuata. Mke wangu aliitikia, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Mimi nikabaki nimesimama na lile neno kichwani. Asiogee kwenye baridi. Je, akiogea?

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sina haja ya kuficha. Kazi yangu ni kupitisha mizigo ya watu mpakani Malaba, na kwenye kazi ile anayejiamini sana ndiye ambaye lori lake hukwama. Nyumbani wananicheka kwamba kuku akipiga kelele nje, mimi nauliza kama jiko limezimwa. Wacha wacheke. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na hawakutupimia tahadhari hiyo iwe kiasi gani.

Mama ninayemsema ni mama mkwe wangu, mjane, mkulima wa kule Petta, kijijini. Kwa kawaida asingelala kwangu hata nyumba yake ingeungua. Mimi ni Msamia wa Busia, mke wangu anatoka kabila la Jopadhola, na tunabishana mambo mengi, lakini hili halina ubishi kwetu wala kwao: mama mkwe na mwanamume aliyemwoa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hampeani mikono. Hamli pamoja. Ukimwona anakuja kwenye njia nyembamba, unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Lakini hospitali ilitaka arudi kila wiki kupimwa, barabara ya kwao wakati wa mvua ni tope tupu, na sisi tunakaa hapa Tororo mjini. Wazee wa Petta walikaa wakaliangalia jambo hilo, wakasema haya, ugonjwa hauna mkwe, aende.

Basi akaja. Mke wangu akiwepo, mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu kila neno lilipitia kwake. Lakini mke wangu anafanya kazi maktaba ya chuo kule Busitema, watoto wako shule za bweni, na zamu zangu za mpakani hazina mpangilio. Kuna siku tulibaki wawili. Siku hizo tuliongea kupitia nyumba.

"Hii nyumba iliweka chumvi wapi?" mama aliuliza akiwa jikoni, uso umeelekea ukutani.

"Nyumba hii huweka chumvi juu ya kabati," nilijibu kutoka sebuleni, nikiuambia mlango.

Kiswahili chake kilikuwa cha soko la Malaba, alikouza mihogo mikavu ujanani. Na Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu, kwa maana Kisamia changu na Dhopadhola ya mke wangu havijawahi kuelewana, hata siku ya harusi.

Shida ilikuwa bafu. Tunalo moja tu, ndani ya nyumba, mwisho wa korido. Sakafu ni saruji, kuta zinashika unyevu, na juu karibu na dari kuna matofali yenye matundu ya kupitisha hewa. Upande wa pili wa ukuta ule ndiyo veranda, mahali ninapopenda kukaa. Maji yakimwagwa bafuni, aliyeko verandani anayasikia kama anamwagiwa yeye. Kwa hiyo nilijiwekea sheria yangu: mama akichukua ndoo, mimi natoka. Nilikuwa naenda mpaka langoni kusimama na watu wa bodaboda, ambao waliniuliza kila siku nasubiri nani. Mvua ikinyesha, nilibaki verandani nikafungua redio kwa sauti ya kualika majirani.

Sasa, kulipasha joto bafu kama lile. Tulikuwa na koili, ule waya wa kuzamisha kwenye ndoo ya maji. Lakini koili inachemsha maji, haipashi hewa. Mtu anajimwagia kopo moja la moto, na kabla ya kopo la pili meno yanagongana. Isitoshe, koili naichukia. Jirani yetu aliwahi kutia mkono kwenye ndoo kupima joto kabla ya kuchomoa waya, umeme ukamrusha mpaka kwenye mlango. Mpaka leo anasimulia akicheka. Mimi sijawahi kuona pa kuchekea.

Nikashuka mpaka Busia, nikavuka upande wa Kenya, kwenye maduka ya vitu vya umeme. Kijana wa duka la kwanza alinitolea hita ndogo yenye feni, ya kuweka chini.

"Boss, hii unachomeka tu, baridi unaisahau."

"Ni ya bafuni, ya mama."

"Hata bafuni iko fiti."

"Na maji yakiirukia?"

Akafikiri kidogo. "Si umwambie mathe asirushe maji."

Nilitoka nikiwa na hasira za kutosha kuwasha taa. Mtu aoge bila kurusha maji! Hita ile ingekaa kwenye sakafu yenye majimaji, waya wake ungepita mlangoni kutafuta soketi ya sebuleni, na mama mkwe wangu angekuwa hapo katikati, miguu mitupu, kifua kibovu. Nilikuwa nimeuliza watu na nimesoma. Nilijua hita ya bafu ni ile inayofungwa ukutani, juu, isiyofikiwa na mtu aliyelowa, ya kuwasha kwa kuvuta kamba, na kwenye boksi lake kuna alama ya tone la maji kuonyesha kwamba maji yakiirukia hayaingii ndani. Duka la tatu ndilo lililokuwa nayo. Nilisoma maelezo yote palepale, mbele ya meza, mpaka mwenye duka akaniletea kiti.

Fundi wa umeme naye tulivutana. Yeye alitaka kuweka soketi ndani ya bafu, kazi iishe haraka. Nilikataa katakata. Bafuni kwangu hakuna soketi. Nilitaka hita iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi kuu, uwe na waya wa kwenda ardhini, na kwenye boksi kuwe na swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Fundi aliweka nyundo chini.

"Mzee, hii ni bafu ama ni kituo cha umeme?"

"Ni bafu la mama mkwe," nikamwambia.

Alinitazama. Naye alikuwa ameoa. Akaokota nyundo yake akaanza kuchimba ukuta.

Mke wangu ndiye aliyemfundisha mama. Vuta kamba kabla hujavua nguo, mikono ikiwa mikavu. Acha bafu lipate joto. Usianike taulo juu yake. Ukimaliza, jikaushe kwanza, vaa, ndipo uvute tena kuizima. Mama aliitazama ile hita jinsi anavyotazamwa mchumba aliyekuja bila mshenga.

"Hii kitu inawaka bila moto?"

"Inawaka, mama."

"Na kama inaanguka?"

"Haianguki."

Mke wangu alisema haianguki huku akinitazama mimi niliyekuwa koridoni. Mama alipotoka, niliingia nikazikaza skrubu zote upya.

Ilifanya kazi vizuri. Bafu lilipata joto la kuweza kukaa hata na mtoto mchanga, na kile kikohozi cha asubuhi kikaanza kupungua. Mtu mwingine angeshukuru akalala. Mimi kila mama alipoingia kuoga nilisimama pale langoni nikiwa nimetega sikio kwa nyumba, nikingoja kusikia swichi imejikata au mtu amepiga yowe. Nilimwona ameanguka chini ya hita mara nyingi sana, kichwani mwangu. Hofu yangu yote niliitundika kwenye waya. Nilijua umeme unaua; hilo lilinitosha, sikutafuta muuaji mwingine.

Kitu kimoja tu kilinisumbua nje ya umeme. Bafu lilianza kunuka ukungu na kuta zikawa zinatoka jasho. Nilimlaumu fundi, nikasema ametoboa bomba.

Siku yenyewe mvua ilianza alfajiri. Mke wangu aliondoka kwenda Busitema na mwavuli. Mimi sikuwa na zamu. Mama alikuwa na siku yake ya kupimwa, mchana, na huyu ni mwanamke ambaye hawezi kwenda mbele ya daktari bila kuoga, hata kama anabebwa kwa machela. Umeme ukakatika tukiwa tunakunywa chai, yeye jikoni, mimi sebuleni.

Sikusikia akiiuliza nyumba chochote. Nilisikia tu nyuma ya nyumba, chini ya kibaraza cha jikoni, anapepea sigiri, lile jiko letu la makaa. Nikadhani ameanza maharage. Baadaye nikasikia ndoo ikivutwa koridoni, kisha mlango, kisha komeo. Komeo hilo nilikuwa nimelinunua mimi mwenyewe alipokuja, kubwa, la chuma, ili awe na amani.

Mvua haikuruhusu kwenda langoni. Redio ilikuwa imekufa na umeme. Nikakaa verandani, nikatia vidole masikioni, mtu mzima mwenye watoto sekondari.

Vidole vilipochoka nikavitoa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikasikia kwa mbali kopo la plastiki limeanguka, limebiringika kidogo, limetulia. Nikavirudisha vidole haraka. Nilipovitoa tena hapakuwa na maji, hapakuwa na kopo, hapakuwa na kikohozi. Na kikohozi chake nilikuwa nakijua. Hakikuwahi kukaa kimya muda wote ule.

Nikajiambia anajipaka mafuta. Nikajiambia wanawake huchelewa. Nikasimama.

"Nyumba hii iko salama?"

Nyumba haikujibu. Nikauliza kwa sauti kubwa zaidi. Nikaingia koridoni, mahali ambapo sikuwahi kukanyaga yeye akiwa bafuni, nikagonga. Na pale kwenye ufa wa mlango nikasikia harufu ya makaa. Haikuwa ya moshi. Ilikuwa ile harufu nyepesi ya makaa yaliyokolea vizuri, ambayo ukiisikia unafikiria mahindi ya kuchoma. Ndipo nikakumbuka kwamba sigiri haikuwa imeletwa jikoni.

Nilikimbia kwa jirani, mama mmoja mwenye cherehani, nikapiga mlango wake kwa ngumi zote mbili. Kufuli lilikuwa linaning'inia. Siku ya soko. Nikampigia mke wangu simu nikiwa nimelowa chapa. Iliita, ikaita, ikaita, kwa maana maktabani simu hukaa kwenye droo. Nikarudi mbele ya ule mlango.

Nayaandika haya polepole, lakini hayakwenda polepole. Nikivunja mlango nikamkuta amekaa anajipaka mafuta, basi mimi ndiye mkwe aliyemvunjia mama mkwe bafu, na Petta watalisimulia hilo mpaka kwa wajukuu wangu. Nisipovunja, nitamwambia nini mke wangu? Kwamba nilikuwa nje ya mlango, kwa heshima? Niliogopa yote mawili.

Nilichukua shuka kitandani kwetu, nikachukua mtaimbo, nikavunja. Komeo langu zuri lilinipa taabu. Mlango ulipofunguka niliingia nimefumba macho, shuka nimelitanguliza mbele kwa mikono miwili, nikateleza, mguu wangu ukagonga mguu wake. Hapo nikajifunza jambo ambalo hakuna mzee aliyewahi kunifundisha: huwezi kumwinua mtu ukiwa umefumba macho. Nikafumbua.

Alikuwa ameegemea ukuta karibu na ndoo, kichwa kimelala begani. Sigiri ilikuwa kwenye kona, nyekundu, safi, bila hata uzi wa moshi. Nikamfunika, nikamzungusha shuka, nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na hilo liliniogopesha kuliko yote. Kichwa changu chenyewe kilikuwa kimeshaanza kugonga nilipofika naye verandani, kwenye hewa, mvua ikiturushia manyunyu.

"Mama! Mama! Mama!"

Lilikuwa neno la kwanza nililowahi kumwambia yeye mwenyewe, nikimtazama. Alivuta pumzi moja ndefu yenye mluzi. Akatapika. Akafumbua macho, akaona ni nani aliyemshika, akayafumba tena upesi. Nilijua safari hii ameyafumba makusudi. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, nikiwa nimempakata mama mkwe wangu ndani ya shuka la kitandani kwangu.

Mwenye gari wa nyumba ya mbele alitukimbiza hospitali. Walimwekea oksijeni. Nesi aliniuliza kilichowaka ni nini, nikamwambia sigiri, bafuni, mlango umefungwa. Akatikisa kichwa. Ile hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haionekani wala hainuki, alisema, mtu anasikia usingizi tu. Kisha akauliza kama bafu halina pa kutokea hewa.

"Lina matundu," nikasema, kwa kiburi kidogo. Mimi na bafu langu.

Mke wangu alifika na mwavuli umegeuka ndani nje. Jioni, mama alipokuwa ametulia na dada mmoja wa kanisani amekaa naye, tulirudi nyumbani kuchukua nguo zake. Mke wangu aliingia bafuni, akatazama juu. Akaleta kigoda. Kutoka kwenye kila tundu la hewa alivuta kipande cha blanketi kuukuu, kimekatwa kwa kipimo, kimekunjwa vizuri, kimeshindiliwa. Vilikuwa vimeshika ukungu. Vilikuwa pale tangu wiki ya kwanza.

"Mama aliyaziba kwa ajili yako," akasema. "Usisikie maji yake."

Niliipindua ile ndoo nikaikalia. Mimi natia vidole masikioni, yeye anaziba matundu. Watu wawili tulikuwa tumekazana kuheshimiana, mmoja kila upande wa ukuta, mpaka mmoja wetu akakosa hewa. Nami nilimlaumu fundi kwa ule unyevu! Nilisikia hasira, kisha huruma, nikatoka.

Sheria za bafu sasa zinajulikana kwetu. Matundu yako wazi. Hakuna sigiri ndani, hata iwe imebaki majivu. Umeme ukikosekana, maji yanachemshwa jikoni, mtu anajifuta kwa kitambaa, mlango ukiwa wazi kidogo na mwanamke mwenzake karibu, daktari atavumilia. Hita ya ukutani inafanya kazi yake mpaka leo, na bado nazikaza skrubu.

Lakini jambo halikuishia hapo. Mama alipotoka hospitali walikuja akina mama kutoka Petta, dada zake wawili na mke wa mzee wa ukoo. Waliketi sebuleni, mlango umefungwa, naye mama kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini. Mimi nilikaa verandani, chini ya dirisha, kama mtu anayesubiri hukumu, na hukumu ndiyo hasa niliyokuwa nasubiri. Wangeweza kumchukua asirudi tena. Wangeweza kunizuia nisikanyage kwao, mke wangu akabaki wa kwenda matangani peke yake.

Waliongea Dhopadhola, ninayoielewa nusu nusu. Nilishika neno mlango. Nilishika neno macho. Mmoja alitaka kujua kwa nini sikumwita mwanamke, mke wangu akajibu kwa ukali kwamba hapakuwa na mwanamke. Mwingine alisema aliyeona ameona, na kwamba kitu kama hiki zamani hakikuwahi kutokea. Yule mke wa mzee alikuwa na sauti ya chini, ya upole, naye ndiye aliyenitisha zaidi. Alirudia mara kwa mara neno heshima, heshima.

Ndipo ikafika zamu ya mama. Alipoanza kusema, aliacha Dhopadhola. Alisema kwa Kiswahili chake cha Malaba, taratibu, kwa sauti ya kufika dirishani.

"Kama ilikuwa lazima mimi nakufa ndio heshima inabaki," akasema, "si mngeniambia mapema? Ningevaa nguo, nikufe vizuri."

Nililia pale verandani, kwa sauti, na nilijua wote wananisikia.